Usimwambie Mama, Presha Itampanda

Jumanne, 5 Machi

Leo damu yangu imekataliwa.

Wifi, mke wa mdogo wangu, alijifungua jana kwa kupasuliwa. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kuuza magazeti. Wifi aliongezewa damu chupa mbili, na hospitali inataka ndugu wakazirudishe. Tukaenda mimi na mdogo wangu Springi. Jina hilo alipewa na Baba kwa sababu utotoni alikuwa hakai kitini, na sasa ndiye anayefunga springi za makochi kwenye karakana yetu, kwa hiyo limemganda kabisa.

Kumbe kabla ya kutoa damu wanakupima presha. Muuguzi alinifunga ule mkanda, akatazama mashine, akaufungua na kunifunga mkono wa pili. Akaniuliza kama nimepanda ngazi mbio. Nikamwambia ngazi zipi, mbona hapa ni chini. Mia na sabini na nane, na ya chini mia na kumi.

"Dada, leo hutoi damu. Nenda kamwone daktari."

"Siumwi na kitu mimi."

"Ndiyo maana nakwambia nenda."

Niliomba pamba na plasta. Nikajibandika mwenyewe mkononi, nikatoka. Springi alikuwa ameshatoka chumba cha pili, naye kashika pamba.

"Umetoa?"

"Nimetoa. Na wewe dada?"

"Nimetoa."

Tukarudi nyumbani kwenye mvua ya kwanza ya msimu, kila mtu kakunja mkono wake kama majeruhi wa vita. Mama akatupa maziwa ya moto kurudisha nguvu. Niliyanywa yote, bila aibu.

Nimedanganya kwa sababu kwetu habari za namna hiyo hazisemwi. Baba alianguka karakanani akiwa na miaka arobaini na tisa, na nyumba nzima inajua kilichomuua: habari. Dada yake, Shangazi, alikuja asubuhi ile wakajifungia ofisini. Sauti zikapanda. Shangazi akatoka analia, na muda si muda Baba yuko sakafuni, mdomo umekwenda upande. Mama hajasemezana na Shangazi tangu siku hiyo. Ikapita sheria, hakuna aliyeiandika, kwamba mtu wa nyumba hii haambiwi jambo la kumshtua, na Mama ndiye wa kwanza. Cherehani ikiibiwa tunasema imepelekwa kwa fundi. Paka wake alipogongwa na gari tulimwambia amehamia kwa jirani, na mpaka leo Mama anamnunia jirani.

Kesho nakwenda kwa daktari.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Gundi haikauki. Sikwenda.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda. Daktari ni mwanamke wa makamo, mpole wa sauti lakini si mpole wa maswali.

"Baba yako yupo?"

"Alifariki."

"Alikufa na nini?"

"Habari."

Akaacha kuandika. "Habari gani?"

"Mbaya."

Nilijisikia nikisema, nikajiona mjinga. Nikamweleza yote. Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alisema habari ya kushtua inaweza kumpandisha mtu presha kwa muda, kisha ikashuka. Lakini mtu wa miaka arobaini na tisa akianguka namna ile, mara nyingi presha imekuwa ikimla mishipa kwa miaka mingi bila yeye kusikia maumivu yoyote.

"Na babu yako?"

"Alianguka njiani anatoka kazini."

"Akiwa na umri gani?"

"Sijui."

"Shangazi yako hali yake ikoje?"

"Hatuzungumzi naye."

"Basi kazungumze naye. Nataka kujua nani alipata nini, na akiwa na umri gani. Hicho nacho ni kipimo, na mashine yake ni wewe."

Nikamuuliza kama presha inarithiwa, kama pua. Akasema pua ni rahisi kuiona. Hapa vinasaba vinavyohusika ni vingi mno, mamia, na kila kimoja kinaisukuma presha juu kidogo tu. Kimoja kinazifanya figo ziing'ang'anie chumvi badala ya kuitoa, kingine kinaibana mishipa. Mtu akirithi vichache anaweza asijue maisha yake yote. Akirithi vingi, halafu chumvi iko mezani na usingizi ni wa kuiba, anafika juu mapema. "Na mdogo wako," akasema, "amechota kwenye pipa lilelile."

"Kwa hiyo tumeshahukumiwa."

"Nani kakuhukumu? Vinasaba siwezi kukubadilishia. Presha naweza."

Nimelipenda jibu hilo. Nimechukuliwa damu na mkojo waangalie figo, nimepewa vidonge, kimoja kila siku. Cha kwanza nimemeza palepale kwenye korido, kwa maji ya bomba, nisije nikajishauri njiani.

Jumatano, 13 Machi

Uongo wetu umeishi siku chache tu. Hospitali wamempigia Wifi simu kwamba damu ya kurudisha haijaonekana, hata chupa moja. Akaja karakanani anajikokota, mshono haujapona, mtoto kifuani.

"Nani alitoa damu kati yenu?"

Mimi na Springi tukanyoosha mikono kama watoto wa shule. Wifi akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Seremala, ambaye anatutengenezea fremu za makochi na si ndugu yetu, alicheka mpaka akaiweka randa chini.

Springi naye alikataliwa. Mia na themanini na nne. Ana miaka thelathini na moja.

"Hasira tu ile," akasema. "Siku hiyo nilikuwa na hasira."

"Na nani?"

"Na ile mashine."

Jioni Seremala amekwenda kutoa damu, na kaka yake Wifi ametoa chupa ya pili. Seremala amerudi anatembea polepole kwa makusudi, anaomba kiti, anaomba maziwa. Tutaisikia damu hiyo mpaka tuzeeke.

Mimi sikucheka. Nimemwambia Springi kesho twende wote kwa daktari. Hataki. Anasema anasikia uzima. Anasema dawa hizo ukizianza huachi. Anasema wenzake wamemwambia zinamharibia mwanamume ndoa. Nikamwambia maiti nayo si mume wa maana. Akaniita Mkasi, jina langu la siku zote, akarudi kwenye springi zake.

Tumekubaliana jambo moja tu, Mama asiambiwe.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi. Nilizunguka mtaa wake mara mbili kabla ya kuingia. Ana chumba cha kufulia na kupigia pasi nguo za watu, kina joto la kupasua kichwa, na yeye kasimama katikati ya mashati anapiga kola. Nywele zimekuwa nyeupe. Uso ni wa Baba, hasa chini ya macho.

"Nilijua mmoja wenu atakuja," akasema. "Nilidhani atakuwa Springi. Wewe kichwa chako kigumu."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa. Si hapo, hapo pana moto."

Sikujua nianzie wapi nikaanzia kwenye vidonge. Nikautoa mfuko wa dawa. Akautazama, akaufungua mkoba wake, akatoa wake. Tukakaa na mifuko yetu miwili juu ya meza ya pasi.

Nikamuuliza: siku ile ulimpelekea Baba habari gani?

Akazima pasi kwanza.

"Wiki ile nilikuwa nimepimwa," akasema. "Presha iko juu, na mimi sijafika hata miaka arobaini na tano. Daktari akaniuliza habari za wazazi. Ndiyo nikakumbuka baba yetu alianguka na miaka hamsini na mmoja, na baba mdogo naye hivyohivyo. Nilikuwa sijawahi kuwaweka pamoja kichwani, kila msiba ulikuwa na sababu yake. Huyu jua, huyu uchovu. Nikaenda kumwambia kaka yangu akapime. Hilo tu, mwanangu. Habari yenyewe ndiyo hiyo."

"Akasemaje?"

"Akasema namtabiria kifo. Nikamwambia usipokwenda, nitakuburuta. Akapiga meza, akasema sitaki kusikia. Basi nikatoka."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilisema. Nani alinisikiliza msibani? Mama yako aliniambia mbele ya watu wote, wewe ndiye umemuua. Mtu ukishaambiwa hivyo, kila unachosema unaonekana unajitetea." Akakunja shati alilokuwa hajalimaliza. "Mimi ndiye niliyezeeka peke yangu katika ukoo ule. Unadhani ni kwa sababu nawapenda sana madaktari?"

Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nimelilia Baba upya, kwa hasira safari hii, kwamba dawa ilikuwepo na mtu wa kumwambia alikuwepo na mlango aliufunga mwenyewe.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwambia Springi. "Anajisafisha huyo," akasema. Mama sijamwambia. Nimesimama mlangoni kwake, nikamuuliza kama anataka chai.

Alhamisi, 21 Machi

Nimenunua mashine ya presha. Nimeiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, kati ya chaki na futi. Napima asubuhi kabla sijashika mkasi, nimekaa, miguu chini, mdomo nimefunga. Hilo la mdomo ndilo gumu. Mia na hamsini na sita.

Springi kila nikimwitia mkanda ana safari ya kununua uzi. Tuna uzi wa kushona nchi nzima.

Jumanne, 26 Machi

Vifundo vya miguu vimevimba, viatu havinitoshi. Nimeshinda na ndala. Springi amefurahi kupita kiasi: "Unaona? Dawa hizo."

Jumatano, 27 Machi

Daktari amenibadilishia. Amesema mwili wa kila mtu una uchaguzi wake na ndiyo sababu dawa ni nyingi. Nimemwambia habari za Shangazi, babu na baba mdogo wa Baba. Ameziandika zote, kisha akauliza: "Na mdogo wako?" Nikasema bado. Akasema mtu mwenye mia na themanini na nne, na ukoo kama huo, hana muda wa kusema bado.

Kidonge kipya nimeanza leo. Siachi.

Jumatatu, 1 Aprili

Tumepata kazi kubwa, viti vya ukumbi mzima vinatakiwa kuvishwa upya, sponji mpya, kitambaa chekundu. Mwenye Ukumbi anavitaka kabla ya katikati ya mwezi. Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Mbao za Seremala zimevimba, sponji zinanuka unyevu.

Chumvi nimeiondoa mezani. Mama ameuliza iko wapi, nikasema imeloa na mvua. Tazama nilivyo, nadanganya hata kwa ajili ya chumvi.

Alhamisi, 4 Aprili

Mia na arobaini na nne.

Jumamosi, 6 Aprili

Wateja nao wameanza kutaka kupimwa. Mtu analeta mto wa kiti ushonwe, anaacha mto, anatoa mkono. Mama muuza mkaa wa upande wa pili ana presha nzuri kabisa, amezunguka mtaa mzima anajisifu. Springi amekaa mgongo umetuelekea, anagonga misumari kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Jana nilifungua kochi la mteja, kitambaa kizuri, halina hata doa, ndani springi zimekufa zote. Nikamwita Springi aone. "Haya, sema," akasema. Hakuwa mjinga, alijua ninachotaka kusema. Sikusema. Nilimwonyesha tu, tukazitoa pamoja, moja moja.

Jumanne, 9 Aprili

Wifi amekuja kuniomba nisimsumbue mumewe. "Wifi, ukimsema sana ndiyo inampanda. Analala vibaya, anaamka na kichwa." Nikamuuliza kichwa kinamuuma tangu lini. Akajidai anamfunika mtoto. Kumbe naye ana mambo anayoyaficha. Katika nyumba hii kila mtu ni mlinzi wa mwenzake, na hakuna anayejua analinda nini.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa ukumbi wa hospitali, kwa kalamu ya kuazima. Nataka niandike sawasawa nisije baadaye nikalainisha.

Asubuhi ilikuwa mvua kubwa. Viti vilikuwa vimebaki vichache na gari la Mwenye Ukumbi lilishafika mlangoni kuchukua vya kwanza. Springi alikuwa anapiga pini kitambaa kwenye kiti, na ile bunduki ya pini ina mdundo wake, tak tak tak, unauzoea mpaka huusikii. Nikausikia ulipoharibika. Pini moja ilikwenda kwenye kitambaa, ya pili kwenye mbao, ya tatu sakafuni. Nikageuka kumtania. Bunduki ikamtoka mkononi, ikaanguka, naye akaitazama pale chini kama kitu cha mtu mwingine.

"Okota basi," nikamwambia.

Akajibu kitu. Maneno hayakuwa maneno. Nilidhani ananifanyia mzaha, wallahi nilidhani mzaha. Nikamwambia acha ujinga. Halafu nikauona mdomo.

Mdomo huo nimeshauona mara moja katika maisha yangu, kwenye sakafu hiyohiyo.

Sikupiga kelele. Nilimwambia Seremala amshike upande mmoja, mimi nikamshika mwingine, tukamtia kwenye gari la Mwenye Ukumbi juu ya viti vyekundu. Mwenye Ukumbi akauliza viti vyake vinakwenda wapi. Nikamwambia vinakwenda hospitali, na yeye kama anakuja apande. Akapanda. Njia nzima nimemshika Springi mkono wa kulia na mkono ule haukunishika. Mimi na yeye tumegombana juu ya mambo yote ya dunia hii, na njia nzima nilikuwa namwomba anitukane.

Mashine ya hospitali ilisema mia mbili na kumi na nane.

Tulipokuwa bado tunasubiri picha ya kichwa, vidole vikaanza kurudi. Kwanza kidole gumba, kisha vingine. Ulimi ukarudi polepole. Daktari, yuleyule wangu, amesema ni kiharusi cha kupita. Mshipa wa kichwani uliziba kidogo, ukafunguka wenyewe. Amesema mwili umebisha hodi, na wengi hawabishiwi mara mbili. Hawaishushi presha kwa pupa, wanaiteremsha kidogo kidogo, na anabaki hapa siku kadhaa.

Sentensi ya kwanza kamili aliyoisema mdogo wangu, naiandika kama ilivyotoka: "Dada, usimwambie Mama. Presha itampanda."

Wifi, macho mekundu, akadakia: "Ndiyo wifi, tumwambie amekwenda safari ya kufuata vitambaa."

Hata Seremala, ambaye damu yetu hana, akasema: "Safari ni nzuri."

Nimewatazama wote watatu. Wanampenda Mama, hilo sina shaka nalo. Baba naye alipendwa hivihivi.

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwambia Mama.

Nilimkuta anakunja nguo za mtoto. Nikamwomba akae. Akanitazama usoni, nikaona naye ameshaogopa, kwa sababu katika nyumba yetu mtu akiombwa akae ni jambo geni.

Nilisema bila kuzunguka. Springi amepata kiharusi kidogo jana, yuko hospitali, anaongea, anashika kijiko. Mimi nina presha tangu mwezi wa tatu, nakunywa dawa. Damu hatukutoa, tulikataliwa, maziwa yako tuliyanywa bure. Kisha nikavuta pumzi nikamwambia la Shangazi, neno kwa neno, pamoja na mlango na meza iliyopigwa. Nilikuwa nimeiweka mashine pembeni, nimejiandaa kumdaka.

Hakuanguka. Alikaa na kile kinguo cha mtoto mapajani, anakinyoosha, anakinyoosha.

"Nilimsikia," akasema. "Nilikuwa jikoni. Nilimsikia baba yako anasema sitaki kusikia. Nikadhani wifi yangu amemletea jambo la aibu." Akakigeuza kinguo. "Kwa hiyo alikuja kumwambia apime."

"Ndiyo Mama."

"Na mimi nikamwambia vile mbele ya watu."

Akakikunja kinguo, akakiweka juu ya vingine. Akauliza: "Na paka?"

"Aligongwa, Mama."

"Nilijua. Jirani mwenyewe anaogopa paka." Akanyoosha mkono. "Haya, nifunge hilo dude lako."

Nikamfunga. Mia na kumi na sita, chini sabini na nne. Nikarudia, nikidhani mashine imechoka. Mia na kumi na nne. Mama yetu, tunayemfichia kila kitu, ambaye watoto wake wawili wamedanganya kwa ajili ya moyo wake, ana presha ya msichana. Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka sana.

"Mngeniuliza," akasema.

Kisha akasema nimpe viatu na mwavuli. Nikamwambia tusubiri mvua ipungue. Akasema amesubiri vya kutosha. Tulipita hospitali kwanza, akambusu Springi kichwani akamwambia: "Ukitoroka dawa hizo nitakuja kukunywesha mwenyewe, mbele ya mkeo." Halafu tukaenda kwa Shangazi.

Mimi nilibaki nje, chini ya bati. Mlango ulikuwa wazi. Waliangaliana. Mama akasema, "Wifi, nimekuja kwa makosa yangu." Shangazi akamwambia, "Ingia, unaloa." Wakaingia ndani ya mvuke wa pasi na mimi sikuwafuata. Mtu mzima akiomba radhi hahitaji kutazamwa na mtoto wake.

Alhamisi, 18 Aprili

Springi ametoka. Ana vidonge vya aina tatu. Anavipanga juu ya meza kama karata, anavitazama kwa chuki, anavimeza. Mkono wa kulia bado mzito kidogo asubuhi. Anajifunza kupiga pini na mkono wa kushoto, anatukana.

Jumatatu, 22 Aprili

Springi: mia na sitini na mbili. Mimi: mia na thelathini na tano. Amesema nimemshinda kwa sababu nilianza mapema. Ameona ni mashindano. Sawa, na yawe mashindano.

Jumatano, 24 Aprili

Leo Springi hakumeza dawa ya asubuhi. Nimejua kwa sababu Wifi amekuja moja kwa moja karakanani akasema mbele ya kila mtu, "Mume wangu hajanywa dawa." Mwezi uliopita angekufa nalo moyoni. Springi akakasirika, akasema ndani ya nyumba hii siku hizi hamna siri. Nikamwambia hamna. Akatoka, akazunguka kiwanja kwenye matope, akarudi, akaomba maji.

Baadaye aliniambia kwa sauti ndogo kinachomsumbua. Si dawa. "Kila kidonge nikimeza, dada, ni kama nakubali kwamba mimi ni Baba." Nikamwambia Baba hakumeza hata kimoja, kwa hiyo kila akimeza, hapo ndipo anapoachana naye. Jioni alimeza bila kuambiwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Viti vya mwisho vimeondoka. Mwenye Ukumbi nilimwambia mapema na wazi kwamba vitachelewa na kwa nini. Alinuna, kisha akatoa mkono apimwe. Mia na sabini. Sasa amejua kununa hakutoshi, nimempa jina la daktari.

Ijumaa, 3 Mei

Jua. Sponji zote ziko nje. Shangazi amekula nasi chakula cha mchana, chumvi kidogo, wote tunalalamika kwa pamoja. Yeye na Mama wamebishana juu ya jinsi ya kukunja shuka, nusu saa nzima, hakuna aliyeshindwa.

Jumapili, 5 Mei

Springi mia na thelathini na nane. Mimi mia na ishirini na nane. Daktari amesema tusilewe na namba, dawa ni za kuendelea nazo, na watoto wetu waanze kupimwa wangali wadogo, kila mwaka, bila kusubiri waumwe.

Springi alikaa na neno hilo tangu hospitali mpaka nyumbani. Mchana tulikuwa wote sebuleni, Mama anachambua mboga, Shangazi kalala kitini, Wifi ananyonyesha. Akamchukua mtoto kutoka kwa mama yake, akampakata, mkono ule wa kulia ndio aliomwekea kichwa. Akamtazama muda mrefu. Nikadhani anataka kumwimbia.

"Sikiliza, mama," akamwambia bintiye, kwa sauti yake ya kawaida ya karakana. "Kwetu kuna presha. Ilimuua babu yako, na baba yake pia. Mimi imenigonga, shangazi yako Mkasi anayo. Huenda na wewe umeipata kwangu, huenda hukuipata, bado hatujui. Utapimwa. Ikiwepo utakunywa dawa, utakasirika, utakunywa tena."

Hakuna aliyemnyamazisha. Nilimtazama Mama, mazoea hayaondoki kwa siku moja. Mama hakuinua macho kutoka kwenye mboga zake.

"Mwambie tena," akasema. "Alikuwa amesinzia, hakusikia."

Springi akamwambia tena.